Watu wa Kabla ya Mfumo

Ipo nchi moja ambayo mtu akiitafuta kwenye ramani asijisumbue sana, kwa kuwa ramani yake imekuwa ikifanyiwa marekebisho tangu siku ilipochapishwa. Ni nchi ya amani. Watu wake ni wapole, na umeme ukikatika husema umekwenda kupumzika.

Katika nchi hiyo kila ofisi ya serikali ilikuwa na kompyuta, na kila kompyuta ilipowashwa, kitu cha kwanza kutokea kwenye kioo kilikuwa picha ya Mlezi wa Taifa akiwa ameinua mkono wa kulia. Chini yake paliandikwa: "Nimeamka kabla yenu." Sheria ilimtaka kila raia aliyemo chumbani asimame, mikono ubavuni, macho kwenye picha, mpaka picha iondoke yenyewe na kazi ianze. Sheria haikusema ifanyweje picha ikigoma kuondoka, kwa sababu walioitunga hawakuona vipi picha ya Mlezi ingeweza kugoma.

Nayo iligoma. Mfumo endeshi wa kompyuta hizo, yaani ile roho ya mashine inayoamka kwanza ndipo vingine viamke, ulikuwa mkongwe kiasi kwamba hata waliouunda huko ng'ambo walikwisha tangaza kuwa hawautibu tena. Mashine ziliamka kama wazee wenye baridi yabisi, kwa kuguna na kwa vituo, na mara nyingi ziliganda picha ikiwa bado iko kwenye kioo. Hapo watu walisimama. Husemwa kwamba karani mmoja wa Ardhi alisimama mpaka akastaafu, ingawa waliomjua wanasema hiyo ni chumvi, alikaa siku ya mwisho kula keki.

Ndugu Nyange Tindwa, mtumishi wa Wizara ya Kumbukumbu, hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mtaratibu. Ukimuuliza kama chai imekolea sukari, alikunywa kikombe kizima kwanza ndipo akujibu. Alisimama kila asubuhi bila neno, na alipopata nafasi ya kukaa alikaa bila neno. Lakini lile la zahanati lilimkaa moyoni.

Mama yake, Bi Chausiku, alikuwa na kisukari. Kila mwezi alikwenda zahanati ya mtaani kuchukua dawa yake ya sindano, na dawa haikutolewa mpaka kompyuta ikubali kwamba mgonjwa yupo na yu hai. Asubuhi moja kompyuta ya zahanati iliganda, picha juu, mkono umeinuliwa. Wagonjwa wakasimama. Wenye magongo walisimama na magongo yao. Walioegemea ukuta walikemewa na mlinzi, akawaambia ukuta haukuagizwa kusimama kwa niaba yao. Bi Chausiku alisimama hadi miguu ikamtetemeka, akaangukia kwenye mzani wa kupimia watoto.

Jioni mwanawe alimkuta kitandani, kiwiko kimefungwa kitambaa.

"Nilijitahidi, baba," alisema mama, maana katika nchi hiyo, kama kwingineko, mama humwita mwanawe wa kiume baba. "Lakini yule bwana wa kwenye kioo ana mkono hodari. Hauchoki."

"Hukuweza kukaa chini kidogo, mama?"

"Nilikaa. Si nimekwambia nilianguka?"

* * *

Haukupita muda serikali ikaunda Tume ya Kutafakari Iwapo Mfumo Mpya Una Faida Kuliko wa Zamani Ambao Nao Una Faida Zake. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Gombera, msomi aliyesifika kwa kutokosea, kwa kuwa hakuwahi kumaliza sentensi yenye jambo ndani yake. Tindwa aliteuliwa Katibu. Aliufurahia uteuzi ule kimyakimya. Alikuwa amesikia kwamba mfumo mpya huamka upesi, haupati moto, hauingiliwi na wezi wa kumbukumbu, na hauna tabia ya kuganda. Akamwona mama yake moyoni akiwa ameketi.

Kikao cha kwanza kilijadili kasi.

"Ndugu wajumbe," alisema Profesa Gombera, "tusikimbilie kuisifu kasi. Kasi ni nini? Kasi ni haraka iliyokosa malezi. Taifa linaloamka ghafla hujigonga kichwa."

Wajumbe walipiga meza. Mjumbe mmoja aliuliza, kwa mfumo huo wa kasi, picha ya Mlezi ingebaki kwenye kioo kwa muda gani. Tindwa alijibu kwamba kwa taarifa alizonazo ingepita mara moja, kama kope inavyopepesa. Mjumbe yule akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama kuna njia ya kuufundisha mfumo mpya uzito wa ule wa zamani.

Tindwa alishauri kwamba kabla ya kuendelea na maneno, Tume iweke mashine moja yenye mfumo mpya, waijaribu. Pendekezo hilo lilijadiliwa kwa wasiwasi, kwa vile hapakuwahi kuwa na Tume iliyokigusa kitu ilichokuwa ikikitafakari. Mwishowe wakakubali, kwa masharti kwamba Katibu ndiye atakayekigusa.

Mashine ikaletwa. Tindwa aliiwasha, na kabla hajainuka vizuri kitini, picha ilikuwa imekwisha pita. Aliganda yeye, nusu amekaa nusu amesimama, akajisikia kama mtu aliyesalimiwa na gari linalopita. Kisha akaanza kazi. Alifungua kumbukumbu, akafunga. Akafungua mbili pamoja, tano pamoja. Mashine haikuguna. Ilibaki kuingiza jina la raia, na jina aliloingiza lilikuwa lile alilokuwa nalo mdomoni siku zote: Chausiku Tindwa. Akaandika na tarehe ya kuzaliwa.

Mashine ikajibu: "Tarehe hii haipo."

Akarudia. Tarehe haikuwepo. Akaandika tarehe yake mwenyewe, ikakubaliwa. Ya Profesa, ikakubaliwa. Ya jirani yao mzee Mkelemi, ikakataliwa. Polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango, aliupata mpaka wenyewe. Siku ya kwanza ambayo mfumo uliijua ilikuwa Siku ya Mapambazuko, siku Mlezi aliposhika nchi. Mafundi wa ng'ambo walipokuja kuutengeneza mfumo waliiuliza Wizara historia ya nchi inaanzia wapi, nayo Wizara ikawajibu kama vitabu vya shule vinavyojibu. Mafundi wale walikuwa wageni wenye adabu. Waliandika kama walivyoambiwa.

Akaenda kwa mwenyekiti.

"Profesa, watu waliozaliwa kabla ya Mapambazuko hawaingii."

"Hawaingii wapi?"

"Kwenye mfumo."

Profesa aliivua miwani akaifuta. "Katibu, kabla ya Mapambazuko palikuwa na nini?"

Tindwa alifikiri. Shuleni walifundishwa jibu moja tu. "Giza, Profesa."

"Na gizani watu huonekana?"

"Hawaonekani. Lakini wamo. Wanapika, wanazaa. Mama yangu mimi..."

"Ya nyumbani tuyaache nyumbani," alisema Profesa kwa upole. "Hao watu wa Kabla wataingizwa. Usiwe na shaka. Wataingizwa awamu ya pili."

Katika nchi hiyo awamu ya pili ilikuwa na mambo mengi mazuri. Ilikuwa na daraja, reli, hospitali ya macho na chuo kikuu kizima chenye bustani. Kila mtu alijua kwamba vimo humo. Ni kwamba tu hapakuwa na aliyewahi kufika.

* * *

Tindwa alilipima jambo hilo kwa siku nyingi. Upande mmoja aliuweka mfumo wa zamani, unaomjua mama yake kwa jina na tarehe, na kumsimamisha hadi aanguke. Upande wa pili aliuweka ule mpya, mwepesi, safi, usiomjua. Akajaribu kuuchukia mmojawapo ili kazi iwe rahisi, akashindwa. Alikuwa mzito wa kuhukumu hata mashine.

Mwishowe akamweleza mama. Bi Chausiku alikuwa akichambua mchicha.

"Nyumba inayovuja, baba," alisema, "hupaswi kuihama kabla hujaiona ile nyingine mvua ikinyesha."

"Nimeiona, mama. Haivuji kabisa. Ila haina chumba chako."

Bi Chausiku aliendelea na mchicha wake. "Basi nitakaa barazani," alisema. "Si mpaka hiyo awamu ya pili tu?"

Taarifa ya Tume ilitakiwa ijazwe kwenye mfumo mpya wenyewe, ili kuonyesha moyo wa kwenda na wakati. Tindwa alipofika kwenye maoni ya Katibu alikuta majibu mawili ya kuchagua: "Inafaa" na "Inafaa Sana". Alikaa mbele ya kioo hadi chai ikaota ngozi. Akachagua "Inafaa", akajiona amepinga kwa kiasi. Chini palikuwa na nafasi ya maelezo. Akaandika humo, kwa uangalifu mkubwa, kwamba mfumo uletwe, lakini watu wa Kabla waingizwe kwanza, wasije wakakosa huduma. Akabonyeza. Mashine ikasema: "Asante kwa kuafiki." Maelezo hakuyaona tena, wala hakumpata mtu aliyewahi kuyaona.

* * *

Siku ya uzinduzi Mlezi alikata utepe, na picha yake ikapita kwenye vioo vya nchi nzima kama radi isiyo na mvua. Watu walijitahidi. Walikurupuka, wakakuta imepita, wakakaa, wakaona aibu, wakasimama tena. Wengi waliumia viuno. Waraka ukatolewa kuruhusu mkao wa katikati, ambao ungehesabiwa kuwa heshima ya kutosha.

Lakini kazi zilikwenda. Hilo Tindwa alilikiri. Hati zilitoka upesi, foleni zilipungua. Foleni ya zahanati ilipungua kuliko zote, na ilimchukua muda kuelewa kwa nini.

Alikwenda na mama yake mwisho wa mwezi. Nyuma ya meza alikuwepo Sista Nambua, muuguzi aliyemhudumia Bi Chausiku miaka yote. Alibonyeza, akasubiri kidogo, akabonyeza tena.

"Bibi, mashine inasema hupo."

"Iambie nimekuja na kitambulisho."

"Kitambulisho inakisoma. Tarehe ndiyo haipo. Inasema bado hujazaliwa."

"Kwa hiyo nizaliwe ndipo nirudi?"

Sista hakucheka, akakuna shingo. "Bibi yangu, mimi nakujua. Lakini kabati la barafu hilo hapo, na mlinzi yule pale. Kila chupa inayotoka lazima mashine iseme imekwenda kwa nani. Nyumbani mmebakiwa na nini?"

"Ya leo," alijibu Tindwa. Akainama mezani. "Sista, mimi nimo?"

"Umo. Nyange Tindwa, yu hai, hana ugonjwa."

"Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Sukari."

Sista Nambua akamtazama, akamtazama na mama yake. "Katibu, ukishaingia humo hutoki. Mfumo huu hauna kitufe cha kupona."

"Niandikie tu."

Njiani Bi Chausiku alitembea na chupa imefungwa kwenye kitambaa chenye barafu. Karibu na nyumbani akasema, "Pole na ugonjwa, baba."

"Nimeshapoa, mama."

* * *

Kumbe hakuwa peke yake. Mtaani kila mwenye mzazi alikuwa amekwisha ugua. Mwendesha bodaboda wa pale kona alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na alibeba abiria kama kawaida. Binti mmoja, mwalimu wa chekechea, aliandikwa tezi dume, mfumo ukampokea bila swali, kwa kuwa hapakuwa na aliyeufundisha kushangaa.

Wizara ilipotazama takwimu ilifurahi. Profesa Gombera alizungumza redioni.

"Ndugu wananchi, mfumo mpya umethibitisha jambo ambalo hata sisi wanasayansi hatukulitarajia. Nchi yetu haina mzee hata mmoja. Uzee tumeutokomeza. Yapo magonjwa yaliyokuwa yakiwasumbua wazee, na kwa kuwa wazee hawapo, vijana wetu kwa uzalendo wameamua kuyaugua wenyewe, mapema, wangali na nguvu."

Bi Chausiku alipunguza sauti ya redio. "Anazungumza vizuri," alisema. "Huyu aliwahi kuwa na mama?"

Lakini furaha ya Wizara ilikuwa na mkia. Vijana wanaougua namna ile walionekana ni wengi mno, na dawa zinakwisha. Ukatoka waraka: kuanzia sasa hakuna kwenda na dawa nyumbani. Mgonjwa atachomwa sindano pale pale zahanati, mbele ya mlinzi, ili ithibitike kwamba anaumwa kweli.

Tindwa alisoma waraka ule akiwa amesimama, ingawa kioo hakikuwa na picha. Sindano ya sukari kwa mtu asiye na sukari si dawa. Aliyechomwa hutokwa jasho, huzimia, na asipowahiwa hufa. Chupa ya mama yake ilikuwa imekwisha tangu juzi. Bi Chausiku alikuwa ameanza kunywa maji kama mchanga, na maneno yake yalikuja polepole, yakipumzika katikati.

Hata hivyo wakaenda. Tindwa hakuwa na mpango. Alichokuwa nacho ni mkono wa mama yake.

Zahanati ilijaa. Kwenye mabenchi walikaa wazee ambao hawapo, kila mmoja na mwanawe mgonjwa. Mlinzi alikuwa mlangoni, rungu kwapani. Zamu ya Tindwa ilipokaribia, Sista Nambua alinyanyua macho na kumuuliza bila kutoa sauti atafanyaje, naye akatikisa kichwa kwamba hajui.

Ndipo mashine ikajizima. Ikajiwasha. Picha ikatokea, mkono umeinuliwa, na chini yake maneno mapya: "Ninajisasisha. Tafadhali msinizime." Watu wakainuka nusu kwa mazoea mapya, wakingoja ipite. Haikupita. Wakaona wameinuka vibaya, wakasimama kabisa. Walisimama vijana wote. Alisimama Sista, akasimama mlinzi, mikono ubavuni, macho kwenye picha. Tindwa naye alisimama, karibu na mzani wa watoto.

Bi Chausiku peke yake hakuinuka.

"Bibi," alisema mlinzi kwa pembe ya mdomo, kwa kuwa macho yake hayakuruhusiwa kutoka kwenye kioo. "Simama."

"Mwanangu, mimi bado sijazaliwa. Muulize Sista."

"Sista, ati nini?"

"Hajazaliwa," alisema Sista Nambua, akiitazama picha. "Ndivyo mashine ilivyosema. Mimi nimesoma tu."

Mlinzi alifikiri. Sheria ilisema kila raia. Aliendelea kufikiri, na akiwa anafikiri, wazee wengine waliokuwa wameanza kuinuka kwa magongo yao wakarudi wakakaa, mmoja baada ya mwingine. Benchi likalia, likatulia. Mashine iliendelea kuvuma.

Kisha Tindwa akasikia kitenge kikisugua benchi. Alizijua hatua zile, za kuburuta mguu wa kushoto. Zilipita nyuma yake bila haraka. Hakugeuka. Mbele yake Mlezi wa Taifa alikuwa ameinua mkono, na kwenye ukingo wa jicho aliona kitu kama kivuli kikiizunguka meza ya Sista, na Sista akasogea kidogo sana, kama mtu anayepisha upepo.

Kabati la barafu likafunguka.

"Sista," mlinzi aliuliza, macho mbele, "nani kafungua?"

Sista Nambua alizidi kuikazia picha macho. "Mimi simwoni mtu."

"Hata mimi," alisema mlinzi, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Simwoni."

Chupa ziligongana polepole. Hatua nyingine zikainuka kwenye mabenchi, na magongo, na kikohozi ambacho Tindwa alikijua kuwa cha mzee Mkelemi. Palikuwa na mnong'ono: hii ya nani, nisomee, hii ya presha, pokea. Hakuna aliyesukumana. Walikuwa wamezoea kupanga foleni.

Tindwa alisimama, jasho likimtiririka mgongoni kama kwamba amekwisha chomwa sindano. Kama angeulizwa wakati ule iwapo mfumo mpya unafaa kuliko wa zamani, asingejua aanzie wapi. Chini ya picha ulikuwepo mstari mweupe uliokuwa ukijaa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, na sasa ulikuwa umekaribia ukingo. Nyuma yake mama yake alikuwa bado anahangaika na kifuniko cha chupa. Tindwa, ambaye miaka yote aliomba picha ile iondoke upesi, akajikuta anaomba, midomo imefumbwa, macho hayapepesi, kwamba isiondoke.